Bega la Bibi wa Korongo

Fundi Tseng hakupenda kuulizwa jambo mara mbili. Kwa miaka hamsini na miwili alikuwa akifukua wafu wa vilima hivi, kuiosha mifupa yao, kuianika na kuipanga chunguni, miguu chini na kichwa juu, na hakuna familia iliyowahi kumrudia kulalamika kwamba babu yao amepewa nyonga ya jirani. Kwa hiyo Sajenti Fan Chiu-lien alipomwomba afungue chungu cha Bibi wa Korongo, mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akaketi kwenye ngazi ya kibanda cha ibada na kuwasha sigara.

"Nilishasema ni mwanamke," alisema. "Nilisema mwaka ule, nikaandika, nikapiga muhuri. Mwanamke mzee, miaka sabini hivi."

"Nimeisoma karatasi yako, Fundi."

"Sasa umekuja kukagua mwandiko?"

"Nimekuja kuangalia bega."

Fundi alivuta moshi, akautoa puani taratibu. Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, na Fan alikuwa na siku mbili tu mkononi.

Kilichomleta ni hiki. Jumatatu, mama mmoja wa kijiji cha Lungkeng alifika kituoni na tangazo la tarafa alilolikunja mara nne. Jina lake Chung Man-mei, miaka sabini na mmoja, mikono ya mtu wa shamba, nywele amezibana kwa kibanio cha plastiki. Tangazo lilisema barabara inapanuliwa, vibanda vya mifupa isiyo na wenyewe vinabomolewa, na Ijumaa saa tano vyungu vyote kumi na kimoja vitamiminwa kwenye shimo moja chini ya mnara wa mifupa mjini. Ikishamiminwa huko, nani ni nani haijulikani tena mpaka kiama.

Mume wa Man-mei, Liu Teng-kuei, alitoka nyumbani asubuhi ya siku ya dhoruba, miaka ishirini na sita iliyopita. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alisema anakwenda mjini kununua mpira wa pampu, na mpaka leo pampu ile inavuja. Dereva wa basi aliwaeleza polisi kwamba alimpandisha asubuhi. Kilichobaki kijiji kilijimalizia chenyewe: pale stendi palikuwa na muuza tambuu mmoja, mwanamke mweupe mwenye kicheko, naye aliuhama mji mwezi uleule. Watu wakajumlisha moja na moja. Ukoo wa Liu ukakataa kuandika jina la Teng-kuei kwenye kibao cha mababu, maana aliye hai haandikwi, na mtoro haandikwi kabisa. Binti yao akaolewa bila baba wa kumtaja. Na Man-mei akaishi miaka yote hiyo akisalimiwa kwa sauti ya huruma, ile inayouma kuliko matusi.

"Sikuombi umtafute, afande," aliiambia meza ya Fan zaidi kuliko Fan mwenyewe. "Naomba uniambie kitu kimoja kabla hawajavimimina. Mimi niliachwa, au nilifiwa?"

Fan alikuwa na miaka ishirini na mitano kazini. Ameulizwa maswali na wauaji, na mawaziri, na wake za mawaziri. Hili hajawahi kuulizwa. Alipitia orodha ya vyungu kumi na kimoja. Kumi vilikuwa na wafu wa zamani, kabla Teng-kuei hajazaliwa. Cha mwisho, cha Bibi wa Korongo, mifupa yake iliokotwa korongoni, nusu saa kwa miguu kutoka Lungkeng, miaka mitatu baada ya dhoruba ile. Mahali panalingana, mwaka unalingana. Lakini karatasi ya Fundi Tseng ilisema ni bibi kizee, na neno la Fundi Tseng huku milimani halipingwi na mtu mwenye akili timamu.

Angelifunga faili siku hiyohiyo, kama si mstari mmoja pale chini, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe: *Bega jepesi mno. Kingo za kiungo laini.*

"Haya," Fundi aliizima sigara kwenye jiwe. "Shika mwavuli."

Fan akaufungua mwavuli mweusi na kuuinamisha juu ya kibanda, maana jua halitakiwi kuupiga mfupa ulio wazi. Kwanza iliwabidi waondoe mali za Bibi. Alikuwa nazo nyingi kuliko Fan. Makopo ya poda, vitana, vioo vya mkononi, jozi mbili za viatu vyekundu vya kutarizi, chupa ya rangi ya kucha iliyokauka. Wanawake waliotaka watoto walikuja hapa kuomba, wakipata wanarudi na zawadi, na mwanamke humpa mwanamke mwenzake anachojua kitampendeza. Fundi alivipanga pembeni kwa adabu, kimoja kimoja, kisha akachomeka vijiti vitatu vya ubani na kuomba radhi kwa sauti ya chini.

Chungu kilifunguka. Mifupa haikuwa mingi. Kijito kilichukua fuvu, nyonga na upande wote wa kulia. Palikuwa na pingili nne za mgongo, mbavu sita, bapa la bega la kushoto, na mfupa wa juu wa mkono wa kushoto, mzima, kuanzia begani hadi kiwikoni. Mahali pa kichwa Fundi aliweka fundo la kitambaa chekundu.

Alimpa Fan ule mfupa wa mkono kwa mikono miwili, naye akaupokea kwa mikono miwili.

"Umesikia uzito?"

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo. Hauna uzito." Alitoa mfukoni mfupa wa nguruwe mwitu aliokuwa nao kwa kazi ya kufundishia, akaugonga kwa ukucha. "Huu unalia *ko*. Mwanamume, hata afikishe miaka sabini, begani bado analia *ko*, labda *ko* ya uchovu. Sasa gonga huo."

Fan akagonga penye bega. Ulitoa mlio mdogo mkavu, kama ganda la karanga.

"Mwanamke damu yake ya mwezi ikishakatika, mfupa unaanza kuliwa kwa ndani," Fundi alisema. "Nyongani, mgongoni, na hapa begani. Nje unauona mzima, ndani umebaki sega lisilo na asali. Mama yangu mwenyewe nilimtoa kwa mikono hii. Alikuwa mwepesi, nikadhani nusu yake imebaki shimoni. Nikarudi kuchimba. Ndiyo maana bega hili nililijua siku ileile."

Fan hakubisha, kwa sababu hayo aliyajua. Mwaka uliopita mama yake mzazi aliteleza bafuni akavunjika bega, na Daktari Kuo wa hospitali ya mjini alimwonyesha picha kwenye kioo cha taa. Skrubu hazishiki, dada, alimwambia. Mfupa wa mama yako haunipi pa kuzikazia. Lakini kulikuwa na kitu kingine kwenye picha ile, naye Fan ni mtu wa kukumbuka vitu vingine. Kiungo cha mama kilikuwa kimeota vijimwiba pembeni, kimesagika kwa miaka sabini ya kufua, kulima na kubeba wajukuu.

Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kiungo cha Bibi. Laini. Hakuna mwiba hata mmoja.

"Fundi, hapa uliandika laini."

"Niliona, nikaandika. Mimi siongezi chumvi."

"Bibi wa miaka sabini wa vilima hivi, bega laini namna hii? Alikuwa hafui? Halimi?"

"Labda alikuwa tajiri."

"Korongoni?"

Fundi akajikuna shingo. Fan akatoa kwenye begi rula ya kubania aliyoazima kwa fundi pikipiki wa mkabala na kituo. Akaubana ule mviringo wa juu wa mfupa, mahali unapoingia begani, akasoma, akabana tena, akamwonyesha mzee.

"Milimita arobaini na saba."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alibana mwenyewe mara tatu. Wanawake wa huku aliowahi kuwapanga chunguni walikuwa arobaini, arobaini na moja, na mmoja tu, jitu la mama lililobeba magogo, alifika arobaini na tatu. Hayo alikuwa hahitaji kuyasoma popote. Mwaka ule aliokota mfupa, ukawa mwepesi, mkono wake ukaamua kabla jicho halijapima.

"Arobaini na saba ni mwanamume," alisema polepole. "Lakini mwanamume mwepesi hivi awe na miaka tisini."

"Mwenye bega laini?"

Fundi Tseng akawasha sigara nyingine.

Fan alimpigia Daktari Kuo pale pale, mwavuli ameubana kwapani. Daktari alikuwa akila chakula chake cha mchana mapema, kati ya upasuaji wa kwanza na wa pili.

"Mama anaendeleaje? Anainua mkono?"

"Anainua wa kunikemea. Daktari, nina swali la ajabu. Mfupa wa bega, kipimo cha mwanamume. Kiungo laini, kijana au mtu wa makamo. Ndani umekonda kama wa bibi kizee. Inawezekana?"

Alisikia vijiti vya kulia vikiwekwa juu ya sahani. "Ukubwa unaupata ujanani, haubadiliki," Daktari alisema. "Mwanamume atabaki na kichwa kikubwa cha mfupa mpaka anakufa. Ubora ndio unaokwenda. Wanawake unakwenda mapema na kwa kasi, wanaume pole pole. Hayo ni umri na jinsia. Lakini kuna la tatu tunalisahau. Mfupa ni kibarua, Sajenti. Usipoutuma kazi, unaacha kula. Nimeona vijana wa miaka ishirini na tano, bega moja la chuma, la pili halishiki hata skrubu."

"Kwa nini?"

"Mkono umekufa. Mishipa ya fahamu imekatika begani, ajali ya pikipiki mara nyingi. Mkono unaning'inia miaka na miaka. Hauumizwi, hausagiki, unakonda tu."

"Na kiungo kinabaki laini."

"Kitasagwa na nini?"

Fan alishukuru. Alilifungua faili la Teng-kuei juu ya goti lake, japo alilijua kwa moyo. Urefu, uzito, shati la kijivu. *Kilema au alama ya mwili: hakuna.* Chini yake palikuwa na saini ya mkewe.

"Basi si yeye," Fundi alisema, akichungulia begani kwake. Alisema kwa huruma, mtu aliyekuwa tayari kukosea ili mwenzake apate.

"Basi si yeye," Fan alikubali. "Au mtu alidanganya karatasi."

*

Man-mei alikuwa uani akibangua karanga. Hakuzitazama, vidole vilijiendea vyenyewe. Alimsogezea Fan kigoda na bakuli la chai, akamtazama usoni mara moja, kisha hakumtazama tena.

"Ni mbaya?"

"Bado sijui. Mama, nina swali, na ukitaka kunifukuza nitaondoka. Mkono wa kushoto wa mzee wako ulikuwaje?"

Vidole vikasimama. Jogoo wa jirani akapita, akaokota karanga iliyodondoka, akaenda zake bila kufukuzwa.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Hata wewe uliandika hana kilema."

"Niliandika hivyo," Man-mei alisema. "Askari aliuliza mbele ya kaka zake. Mbele ya mjumbe wa kijiji. Ningesemaje? Miaka kumi na tisa mume wangu amekificha, mimi nikitangaze siku moja kwa sababu amechelewa kurudi? Nilijua atarudi keshoye. Angenikasirikia."

Akaeleza akiziangalia karanga. Teng-kuei alikuwa na miaka ishirini na minne, mpasua magogo huko juu msituni, mwezi mmoja kabla ya harusi. Kamba ya waya ilikatika, gogo likamwangukia begani. Hakuvunjika, lakini mkono haukuinuka tena. Baba yake Man-mei angevunja harusi, mtu wa mkono mmoja atalima nini? Basi wakaficha. Teng-kuei akaanza kutembea na mkono wa kushoto mfukoni, kiangazi na kipupwe, na watu wakasema huyu Liu ana maringo, hata kwenye msiba hatoi mkono mfukoni.

"Akasemwa hivyo mpaka mwisho," Man-mei alisema. "Alipenda aitwe mwenye maringo kuliko kilema. Kila jioni nilikuwa namkanda kwa mafuta. Mkono ulikuwa baridi, umekonda, wa mtoto. Bega lenyewe ungelishika lote kwa kiganja kimoja. Nilikuwa namwambia, huu mkono wako, mzee, umekuwa kimkono cha bibi yangu. Anacheka. Ulikuwa utani wetu wa chumbani. Hakuna mtu aliyeujua."

Fan aliweka bakuli chini. Hakuwa mtu wa kuwashika watu mikono, lakini alimshika.

"Mama, Fundi Tseng aliuokota mkono huo akasema neno hilohilo. Akasema ni wa bibi."

Man-mei hakulia. Aliuliza kama maji ya korongo ni baridi sana, na Fan akasema ndiyo, ni baridi. Kisha yule mama akauliza swali ambalo askari mzuri hujiuliza kwanza, na Fan alikuwa akijiuliza njia nzima.

"Kama ni yeye, alifikaje korongoni? Asubuhi alipanda basi. Watu walimwona."

"Ndilo linaloninyima usingizi," Fan alisema. "Aliyepanda basi kwenda mjini hafii njia ya kwenda kwake. Labda kuna mtu alimrudisha."

*

Mzee Yeh Ching-huo aliacha kuendesha basi zamani. Siku hizi alikuwa na miaka themanini, na anaanika figili. Vipande vilitandazwa juu ya mikeka sita mbele ya nyumba, vyeupe, vimepakwa chumvi, naye akivigeuza kimoja kimoja akiwa amechuchumaa.

"Ukitaka kuuliza, shika upande ule," alimwambia Fan. "Jua halisubiri serikali."

Fan akachuchumaa, akaanza kugeuza. "Taarifa yako ya mwaka ule ina mistari mitatu, mzee."

"Niliulizwa maswali matatu."

"Ulimpandisha Liu Teng-kuei asubuhi?"

"Nilimpandisha."

"Alikuwa na mwanamke?"

"Alikuwa na gazeti."

"Alishukia mjini?"

"Mjini. Hayo ndiyo matatu."

"Na jioni?"

Mzee aligeuza kipande, akakigeuza tena upande uleule. "Hilo ni la nne," alisema.

Fan akasubiri. Katika kazi hii watu wengi wanadhani ujuzi ni kuuliza. Aligeuza figili mpaka mwisho wa mkeka, akaanza mkeka wa pili, na alipofika katikati Mzee Yeh akaketi kitako, magoti yamemshinda.

"Basi la saa kumi," alisema. "La mwisho, mvua imeshaanza. Abiria ni yeye peke yake. Alikuwa amefurahi mno, sijawahi kumwona hivyo, mtu wa maringo yule. Akatoa miwani mpya mfukoni, ya kike, ina fremu ya rangi ya chai. Akaivaa kwa mkono mmoja. Akaniuliza, kaka Yeh, nafanana na mwalimu mkuu? Nikamwambia, unafanana na mama mkwe wangu. Tukacheka mpaka karibu nitumbukie mtaroni."

"Ya nani?"

"Ya mkewe. Alisema mkewe anajichoma sindano vidole kila jioni na hataki kununua mpya. Akaichukua ile iliyovunjika kwa siri, akaipeleka ikapimwe." Mzee alijifuta chumvi kwenye suruali, akajifuta tena. "Tulipofika darajani maji yalikuwa yanagusa mbao. Kituo changu cha mwisho ni Lungkeng, ng'ambo. Lakini nilikuwa na watoto wawili, afande. Nikamwambia, Teng-kuei, mimi naishia hapa. Akasema si kitu, nitakatiza korongoni, nusu saa tu nimefika. Akaifunga miwani kwenye nailoni akaiweka mfuko wa ndani. Akanipungia. Nikageuza gari."

"Mbona hukusema?"

"Daraja lilichukuliwa baada ya saa moja. Kampuni ikauliza, ulifika kituo cha mwisho? Nikaandika nilifika. Ningesema nilimshusha darajani, kazi imekwenda. Nikasema atapatikana tu. Halafu watu wakaanza, amekimbia na yule wa tambuu. Nami nikashukuru. Dhambi yangu ni hiyo hasa, nilishukuru. Nikajilazimisha kuamini. Kila mwaka mpya nampelekea Man-mei mtungi wa figili. Anapokea kwa mikono miwili. Anasema, kaka Yeh, wewe peke yako hujanisahau."

Fan alitamani kumkasirikia, akashindwa. Alitoa karatasi na kalamu.

"Utaandika upya, yote. Na Ijumaa utakuja kumwambia kwa mdomo wako."

"Atanifukuza."

"Huenda."

Mzee Yeh alichukua kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa shule ya zamani, na aliandika kurasa mbili bila kunyanyua kichwa.

*

Mwendesha mashtaka alisoma kurasa zile Alhamisi jioni. Kipimo cha mfupa, maneno ya Daktari Kuo, maneno ya mke, maneno ya dereva. Akatia saini. Binti ya Man-mei alikuja kutoka pwani, akatoa mate kwa ajili ya maabara, akaambiwa majibu ni miezi miwili, maana mfupa uliooshwa na kuanikwa ni mgumu kuusoma. Ijumaa saa tano lori la tarafa lilichukua vyungu kumi. Cha kumi na kimoja kikabaki.

"Miezi miwili, Mama," Fan alimkumbusha. "Maabara bado haijasema."

"Maabara hawakumkanda," Man-mei alisema.

Binti alishika mwavuli. Fundi Tseng alikuwa amevaa shati safi. Alipomaliza kuutoa mkono na kuulaza juu ya kitambaa chekundu, alisimama mbele ya Man-mei na kuinama mpaka kiuno.

"Dada, nimemwita bibi miaka ishirini na mitatu. Nimemvalisha viatu vya kike. Mkono wangu ulinidanganya."

Man-mei aliitazama rafu ya vipodozi. "Viatu havimwenei," alisema. "Poda sawa. Alikuwa anatoka jasho sana." Kisha akamgusa fundi begani amwinue. "Uliona bega bovu ukasema ni la bibi. Hata mimi nilisema. Ulimweka mahali pakavu, watu wakamletea ubani. Mimi ningekuwa na lipi la kukulaumu?"

Akapiga magoti. Alizungusha kiganja penye bega, kikalifunika lote, akakiacha pale. Hapo ndipo Mzee Yeh, aliyekuwa amesimama mbali kando ya njia, alipokuja na kuanza kusema. Alisema kila kitu, hakuruka mwalimu mkuu wala mama mkwe, na alipofika darajani hakujitetea kwa kuwataja watoto wake. Man-mei alimsikiliza bila kugeuka.

"Miwani," alisema mwishowe. "Rangi gani?"

"Ya chai."

"Niliitafuta nyumba nzima ile iliyovunjika. Siku tatu." Mabega yake yalianza kutikisika, na mwanzoni wote walidhani anacheka. "Nikasema, mwanamume huyu hana haya, amenikimbia na hata miwani yangu mbovu ameiba. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikiona uchungu wa miwani kuliko wa muuza tambuu. Nikisema, atakwenda kumpa yule."

Alilia basi, kwa sauti, kama wanavyolia wafiwa, akimwita mumewe kwa jina la nyumbani na kumgombeza kwa nini hakulala mjini, kwani mimi ningekufa bila miwani? Binti alilia naye, mwavuli haukutingishika. Walipotulia, Man-mei alimgeukia Mzee Yeh, ambaye bado alikuwa amesimama pale na kofia mkononi.

"Mwaka huu usiniletee figili."

"Sitaleta, dada."

"Na mwakani tutaona."

Mzee akainama, akabaki ameinama kwa muda mrefu.

Waliurudisha mkono chunguni mpaka maabara wauhitaji. Fan alidhani mambo yamekwisha, akawa anatafuta ufunguo wa gari ili amrudishe mama nyumbani, lakini Man-mei alikataa gari. Alitaka kushuka kwa miguu, kupitia kijijini, mchana huu huu, dukani kwenye watu na hekaluni kwenye wazee wa ukoo wa Liu. Akatoa mfukoni kipande cha gunia, kidogo, kilichokatwa vizuri na kupindwa, kile anachovaa mjane kwenye mkono wa nguo, upande kutegemea marehemu ni nani, na pini ya kukibania. Alikishona jana usiku, alisema, akajichoma mara nne. Sasa pini ilikuwa haikubali kupita kitambaani.

"Nisaidie, mwanangu."

Fan alikichukua. Katika maisha yake alishawapelekea watu habari nyingi za vifo, lakini hakuwahi kumvalisha mtu msiba, akasita kati ya mkono mmoja na mwingine.

"Upande gani, Mama?"

Man-mei akamnyooshea mkono.

"Kushoto," alisema. "Aliyekufa ni mwanamume."